Masizi ya Jikoni kwa Mama

Morogoro, 14 Agosti 1910

Kwa dada yangu mpenzi Paskalia,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima na watoto wazima. Mimi huku sina neno, afya ninayo na kazi ninayo, tena kazi mpya.

Sasa ni karani wa Bwana Shamba. Huyu ni Mdachi aliyeletwa na serikali kuangalia wadudu na magonjwa ya mimea, na watu wa mjini wanamwita Bwana Miwani. Ana meza ndefu, na juu ya meza wamepangwa wadudu waliokufa, kila mmoja amechomwa sindano mgongoni na chini yake pana kikaratasi cha jina. Majina hayo nayaandika mimi. Anacho na kioo ambacho ukimtazama kiwavi unamwona mkubwa kama paka. Usicheke, nimemwona kwa macho yangu na nikaruka.

Bwana anataka kuwajua wadudu wote wa milimani kabla ya masika. Basi nakuomba, kila mdudu anayekula mazao yenu mtie kwenye chupa yenye pombe kali, umpeleke kwa Ebrahim pale dukani kwake Mlali. Wapagazi wake huja mjini kila wiki, watanifikishia. Tena Bwana anautafuta sana ugonjwa mmoja wa mahindi, unaoacha unga mweusi kwenye hindi zima. Picha yake imo kitabuni mwake. Anasema umemaliza mashamba katika nchi nyingine, na yeye ana hamu ya kuwa wa kwanza kuuona hapa.

Barua zako ziandikie juu "Karani wa Bwana Shamba", basi. Usitaje kijiji chetu wala ukoo wetu. Ni mambo ya ofisini, nitakueleza siku nyingine.

Ndugu yako,
Pazi bin Mikidadi, Karani

*

Juu ya Mlali, 2 Septemba 1910

Pazi,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristu, kama bado unakumbuka kuitikia. Sisi wazima, na hasira yangu nzima pia.

Kwanza niambie, Mikidadi ni nani? Baba yetu ni Kasiani, amelala pale nyuma ya migomba, na kaburi lake nalilimia mimi. Huyo Mikidadi simjui, hajawahi kula kwetu, na mama hakumzalia mtu. Kusilimu umesilimu, sawa, ni moyo wako. Lakini hakuna dini inayomwambia mtu abadilishe baba.

Halafu habari ya limbuko. Unajua, au umejisahaulisha, kwamba mahindi mabichi ya kwanza hayaliwi hapa mpaka mjomba aonje. Mjomba mkubwa amekufa, mama amekufa, watoto wangu wamebaki na mjomba mmoja, ndiye wewe. Mwezi wa sita nilikutumia mtu. Hukuja, ukaleta kanga! Watoto walikaa wakiyatazama mahindi mpaka yakakomaa na kukauka shambani, tukayala makavu. Veronika alilia kwa hamu ya hindi la kuchoma, na ana miaka kumi na miwili, si wa kulia. Kanga yako nimeifanya tambara la chungu.

Wadudu wako nimekuletea, viwavi chupa nzima. Lakini mwambie Bwana Miwani kwamba anayetumaliza ni nguruwe, na huyo haingii chupani. Zamani wanaume waliwazungushia nyavu. Sasa akida amezichoma nyavu, na mwenye mkuki anaitwa mwasi. Kama Bwana anataka kutusaidia, aturudishie nyavu zetu, sindano abaki nazo.

Nakuletea na mahindi matatu ya mbegu ya mama. Nimeyatoa darini juu ya moto, ndiyo maana ni meusi, usiyapanguse. Masizi ndiyo yanayomfukuza fukusi. Hilo hukulisoma kitabuni, lilikuwa linaning'inia juu ya kichwa chako ulipokuwa unalala jikoni. Panda mawili, na moja litundike juu ya moto wako, usiniambie mjini hamna majiko. Unajua mbegu hii ndiyo pekee inayozaa huku kwenye ukungu wetu. Ile ya Gairo tuliijaribu mwaka ule, ikaoza ingali na ndevu mbichi.

Paskalia

*

Morogoro, 25 Septemba 1910

Dada Paskalia,

Shikamoo. Mzigo umefika salama. Viwavi wako wamepata jina refu kuliko jina la mfalme, na Bwana amefurahi sana.

Mahindi pia ameyaona. Yalikuwa juu ya meza yangu na sikuwahi kuyaondoa. Aliuliza kama nyumba zote za milimani zina mahindi ya namna hiyo, nikamjibu ndiyo. Akayatazama kwa kioo, akaandika. Hakuna neno lolote la kukutia wasiwasi.

Kuhusu Mikidadi, nakuomba usinigombeze. Wewe uko kwenu, hakuna anayekuuliza kitu. Mjini mtu huulizwa ametoka wapi kabla hajaulizwa anajua nini.

Pazi

*

Juu ya Mlali, 18 Novemba 1910

Pazi,

Nakuandikia kwa hasira, utasoma utakavyoweza.

Jumatano alikuja akida na askari wanne. Akatuita uwanjani, akasoma tangazo, kisha akalibandika kwenye mlango wa jumbe. Nimelinakili hapa ulione: "Mahindi ya mbegu yenye unga mweusi yana ugonjwa. Kila nyumba itayashusha darini, itayaosha kwa maji, itayaanika, itayapukuchua na kuyaleta ghalani Mlali. Yatawekwa mahali safi chini ya bati mpaka masika, kisha kila mtu atarudishiwa mbegu safi. Atakayeficha atafungwa mnyororo."

Unga mweusi! Masizi, Pazi! Masizi ya moto tunaopikia ugali! Mtu mzima mwenye miwani ya macho na kioo cha kukuza ameshindwa kujua masizi?

Nilimwambia akida mbele ya watu. Nilisema, bwana akida, hayo ukiyaosha fukusi atayala yote kabla ya mvua. Alicheka. Akasema Mzungu amesoma miaka ishirini, wewe umesoma nini, katekisimu? Askari nao wakacheka. Wanawake tukashuka mtoni na vikapu, tukaanza kuosha. Maji yalikuwa meusi mpaka kule kwenye kivuko. Mwajuma wa bondeni, mzee yule, alikuwa anaosha hindi moja moja na kulia waziwazi.

Mimi nimepeleka nusu. Nusu nyingine sikuiosha. Nimeipukuchua na masizi yake nikaitia kwenye kibuyu cha mama, kile kilichokatika shingo, nikakifukia chini ya figa la tatu, pale pale tulipokuwa tukificha karanga utotoni. Hajui mtu ila mimi na wewe. Hata Veronika hajui.

Sasa wewe ndiye uliye karibu na huyo mtu. Nenda kwake ukamwambie neno moja tu: masizi. Asipoamini, mwambie apanguse kwa kidole. Ugonjwa haupanguki. Sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke, Pazi. Leo nakuomba.

Dada yako,
Paskalia

*

Morogoro, 1 Desemba 1910

Dada Paskalia,

Shikamoo. Nimesema na Bwana. Amesikiliza, lakini anasema jambo hili limekwisha kuandikwa na kupelekwa Dar es Salaam, na ghala la bati ni bora kuliko moshi, maana ndivyo wafanyavyo kwao Ulaya.

Kile kibuyu, dada, kitoe. Kipeleke mwenyewe, useme ulikisahau. Akida ana orodha ya wanawake wabishi na jina lako ndilo la kwanza. Wewe hujauona mnyororo. Mimi nawaona kila siku wakipita dirishani kwangu, wamefungwa shingo kwa shingo, mmoja akijikwaa wote wanaanguka. Mbegu itapatikana nyingine. Usiwe mbishi kwa ajili ya mahindi.

Pazi

*

Juu ya Mlali, 9 Februari 1911

Pazi,

Leo sikuitikii.

Sikukitoa kibuyu. "Kwa ajili ya mahindi," umeandika, kana kwamba wewe ulilelewa kwa mawe. Wiki moja kabla ya Noeli walikuja askari wawili. Hawakutazama darini. Hawakufunua kitanda. Hawakuuliza swali. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye figa la tatu, akakipiga teke chungu cha maharage kilichokuwa motoni, maharage yakamwagika majivuni, akachimba. Kibuyu kikatoka. Wakaondoka nacho.

Nilinyoosha mikono nifungwe. Tangazo linasema atakayeficha atafungwa, na mimi nimeficha. Yule askari akaniambia, "Kaa tu mama, wewe huguswi." Nilikaa pale chini kwenye majivu nikifikiri. Nani amesema nisiguswe? Askari anamjuaje Paskalia? Na figa la tatu analijuaje?

Nikangoja niandike mpaka niione mbegu, labda ningekuwa nimekukosea. Juzi wamefungua ghala. Wiki tatu zilizopita tulikuwa tukiweka sikio ukutani tunasikia ndani wanatafuna, na unga ulikuwa unatoka chini ya mlango mpaka kuku wa akida wakawa wanashinda pale. Tulimwomba afungue mapema, akasema amri ni masika. Haya, amefungua. Nimepewa kapu langu. Kila punje ina tundu. Ukiishika inavunjika, ndani amekaa fukusi anakutazama. Ya kibuyu waliimwaga humo humo pamoja na nyingine, nayo imekwisha. Nimewatupia kuku, na kuku wamechagua.

Mvua zimebaki wiki tatu. Kijiji kizima hakina mbegu ya mlimani, mbegu iliyotoka kwa bibi ikaja kwa mama ikaja kwangu, nami ndimi iliyonifia mkononi. Watu wanakwenda kununua ya Gairo, wanajua itaoza, wanakwenda hivyo hivyo.

Nijibu jambo moja, na usilizungushe. Wewe ndiye uliyekitaja kibuyu?

Paskalia

*

Morogoro, 16 Februari 1911

Dada Paskalia,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Ni mimi. Akida alikuja ofisini na orodha yake, akamwambia Bwana kwamba wanawake watatu wa juu ya Mlali wafungwe ili wengine waone, na wa kwanza ni Paskalia binti Kasiani. Mimi nilikuwa nimeketi pale na kalamu, nikitakiwa niliandike jina hilo. Nikasema mwacheni huyo, mbegu yake najua iliko. Bwana hakuuliza nimejuaje. Akida aliuliza kwa macho tu. Nilidhani nimekuokoa. Siku ile nilirudi ninakolala, nikala, nikashiba.

Lipo na baya kuliko hilo. Sikumwambia Bwana kamwe kwamba ni masizi. Nilipokuandikia kuwa nimesema naye, nilikudanganya. Siku alipoyaona yale mahindi alifungua kitabu kwenye ile picha, akaniuliza, "Pazi, huu ndio ugonjwa?" Nilijua ni moshi wa jikoni kwetu. Harufu yake ilikuwa imejaa chumba kizima, nilikuwa nimeinusa tangu asubuhi. Lakini Bwana anajua mimi ni mtoto wa Bagamoyo, mwana wa Mikidadi mfanyabiashara. Na makarani wenzangu wanajua hivyo. Hao ndio wanaowaita Waluguru washenzi wa moshi mbele yangu, na mimi nacheka pamoja nao. Ningesema ni masizi, wangeuliza nimeyajulia wapi. Nikasema, "Ndiyo, Bwana, huu ndio." Tangazo lote limetoka hapo, na aliyeliandika kwa Kiswahili ni mimi.

Sasa nichukie vizuri, sababu unayo. Lakini na mimi nina hasira yangu, na leo naitoa. Nani alianza kunitupa? Jumbe alipotaka mtoto mmoja kwa kila ukoo aende shule ya serikali, ninyi wenyewe mlikuwa mnasema watoto hao wanakwenda kuliwa. Mlisema mbele yetu! Tulikuwa watoto watano pale jikoni. Mjomba akaninyooshea kidole mimi. Mama akalia. Wewe ukatazama moto. Nilikuwa na miaka tisa, Paskalia, nilikuita kwa jina na ukaendelea kutazama moto. Kwa miaka minne hakuna aliyekuja kuona kama nimeliwa au sikuliwa. Leo mnashangaa kwamba nina baba mwingine.

Ulinipa mahindi matatu. Bwana aliyaona mawili. La tatu nilikuwa nimekwisha kulitia ndani ya kanzu, na jioni nikalitundika juu ya moto wa mama mwenye nyumba yangu. Nilimwambia ni dawa. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, labda kwa sababu uliniamrisha. Limekaa pale miezi mitano na halina tundu hata moja. Nakuletea kwa mpagazi wa Ebrahim, nimemwambia asilitoe mkononi mwake mpaka akuone wewe.

Kesho asubuhi nitamwambia Bwana.

Pazi

*

Juu ya Mlali, 3 Machi 1911

Pazi,

Hindi limefika. Ni jeusi tii. Nimelinusa kabla sijalipukuchua. Punje nyingine nimempa Mwajuma, maana ana nguvu za kulima msimu huu na huenda asiwe nazo ujao. Zilizobaki nimezipanda mwenyewe kwenye kile kipande cha chini ya mwamba, mbali na njia ya nguruwe, na nimejenga dungu, tunalinda kwa zamu mimi na Veronika.

Usidhani hii ni shukrani. Mtu akichoma nyumba yangu akaniletea mlango, sitamshukuru kwa mlango.

Ulichosema kuhusu moto ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilijua mjomba ataniangalia ili nikubali, nami nilijua nikikutazama wewe nitakataa, na nikikataa atatolewa mtoto mwingine, na wa kiume aliyebaki ni Fransisko wangu tu, ananyonya bado, lakini jumbe alisema ataandikwa aje akikua. Fransisko akafa kwa surua mwaka ule ule. Kwa hiyo nilikutoa wewe bure. Nilikaa na hilo miaka yote na sikukuambia, kwa sababu mkubwa hamwombi radhi mdogo. Haya, nimekuambia. Lakini lisikupe nguvu. Mimi nilinyamaza kumlinda mtoto, wewe ulinyamaza kulinda kanzu.

Umemwambia Bwana, au kesho yako ni ile ile ya siku zote?

Paskalia

*

Morogoro, Aprili 1911, tarehe siijui

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa mkaa nyuma ya tangazo. Karatasi hizi zimebaki nyingi, wanatufungia tumbaku. Huyu anayeileta ni askari mwema, usimuulize jina.

Nilimwambia. Kesho yake ile ile kama nilivyoandika. Yale mahindi mawili yalikuwa bado kabatini, na kikaratasi cha jina la ugonjwa kwa hati yangu. Nililichukua moja nikalisugua kwenye kanzu yangu mbele yake na mbele ya makarani wote. Kanzu ikawa nyeusi, hindi likawa la njano. Nikasema, Bwana, haya ni masizi, nimeyajua kwa sababu nimezaliwa chini yake, juu ya Mlali, na baba yangu ni Kasiani. Hakuna aliyecheka.

Bwana aliitazama kanzu. Nilidhani amekubali. Kisha akauliza, "Na hati hii ni ya nani?" Nikasema yangu. Akasema, basi wewe umeidanganya serikali. Akaita askari. Nimepigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na mnyororo miezi minne. Wakati tunawangoja askari alikaa akaandika kitabuni mwake, na mimi nasoma maandishi yake hata yakiwa kichwa chini. Ameandika kwamba fukusi waliingia ghalani kwa sababu ya uchafu wa mbegu za milimani. Tangazo hajalifuta. Kanzu yangu wameichoma.

Nilidhani nikisema kweli itafaa kitu. Nina hasira mpaka sili vizuri. Tunavunja mawe ya barabara, mimi ni wa nne kwenye mnyororo wetu, na wa tatu ana kikohozi, akikohoa shingo zetu zote zinavutwa.

Nambie tu kama zimeota.

Pazi mwana wa Kasiani

*

Juu ya Mlali, 12 Juni 1911

Pazi mwana wa Kasiani,

Ebrahim ameniambia mnyororo wenu unafunguliwa Jumamosi. Ndiyo maana naandika leo. Ningekuwa na nafasi ya kuchelewa, ningechelewa.

Zimeota. Sikukujibu mapema makusudi, nilitaka ungoje na wewe. Zimeota zote ila tisa, na za Mwajuma vilevile. Mahindi ya Gairo yamefanya kama tulivyojua. Ukungu wa mwezi wa tano umekaa siku kumi, yakaoza kwenye maganda, ukiyamenya yanatoka maji. Bonde zima linanuka. Watu wanapanda huku kila asubuhi kutazama kipande changu, wanasimama tu. Nimewaahidi kila nyumba mahindi mawili ya mbegu, na sitakula mimi mpaka nimewapa.

Akida naye alikuja. Akasimama pale na fimbo yake, akauliza, "Mbegu hii umeipata wapi?" Nikamwambia ni ile yenye ugonjwa. Aliondoka. Lakini juzi tangazo limebandikwa tena kwenye mlango wa jumbe, karatasi mpya, maneno yale yale, hati ya mtu mwingine. Mwezi wa nane wanakuja tena kutushushisha mbegu darini. Safari hii nyumba zote zitakuwa na kibuyu, na hakuna atakayemwandikia mtu barua.

Sasa nisikilize. Sijakusamehe. Naamka na hasira nalala nayo, na nikikumbuka maharage yale kwenye majivu nasikia damu kichwani. Lakini mahindi yameiva. Ndevu zimekuwa kahawia tangu wiki iliyopita, na watoto wanakaa pembeni mwa shamba wamekunja mikono. Njaa ipo, sikufichi. Tunakula mizizi na majani ya maboga. Ningeweza kuwaambia kuleni. Nilifika shambani nikashika hindi nivunje, mkono ukakataa. Hawana mjomba mwingine.

Kwa hiyo utakuja. Jumamosi ukifunguliwa usipite kwa mtu, usiazime nguo, usijifunge kitambaa shingoni. Njoo na alama zako watu wazione, hasa akida. Utakaa kwenye kigoda cha mama. Veronika atakuchomea hindi moja, utalila lote mbele ya wapwa zako, polepole, usibakize punje, kisha utawaambia nao wale. Mimi sitakuitikia shikamoo wala sitakaa karibu. Nitakuwa nimekupa mgongo, natazama moto. Ukitaka kuniita kwa jina, niite. Safari hii sijui kama nitaweza kutogeuka.

Ukimaliza utapanda darini ukaze kamba za kutundikia mbegu. Zimelegea tangu zikae tupu, na mimi mgongo unauma. Huko juu masizi yamejaa, yatakuingia mikononi na kichwani na kwenye nguo yoyote uliyo nayo. Ukishuka usinawe. Rudi mjini hivyo hivyo, pita mlangoni pa ofisi ile, na makarani wakikuuliza ni nini hicho, uwajibu.

Dada yako,
Paskalia